Mtoto Njiti na Kifua cha Mama Yake

Katika lugha yetu mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake kutimia huitwa njiti. Aliyelibuni jina hilo bila shaka alikuwa amekwisha kumwona mtoto wa namna hiyo kwa macho yake: miguu myembamba mithili ya njiti za kiberiti, ngozi laini inayoonyesha kila mshipa, na kilio kidogo kinachomlazimu mtu kuinama ndipo akisikie. Watoto hao si wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 walizaliwa njiti milioni 13.4 duniani kote, na kwamba matatizo yanayotokana na kuzaliwa kabla ya wakati ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano. Malaria tunaitaja kila siku, na surua tunaijua. Lakini njiti akifa, aghalabu jirani huambiwa tu kwamba mtoto hakukaa, na mazungumzo hukomea hapo.

Leo nataka tuzungumze juu ya utafiti mmoja unaowahusu. Nimeuchagua miongoni mwa tafiti nyingi za tiba za miaka hii kwa kuwa sehemu yake ilifanyika hapa hapa Dar es Salaam, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na kwa kuwa dawa iliyopimwa haikuwa kidonge wala sindano. Ilikuwa ni mama mwenyewe. Ninayo pia sababu nyingine, ya nyumbani kwetu, ambayo msomaji ataiona mbele kidogo.

Kwa miaka mia moja na zaidi waganga waliamini kwamba njiti anahitaji mashine, na imani hiyo haikuwa ya kipumbavu. Karibu na mwaka 1880 daktari mmoja wa Paris, Stéphane Tarnier, alivutiwa na kasha la kuangulia vifaranga vya kuku aliloliona katika bustani ya wanyama ya mji huo, akaagiza litengenezwe kasha la aina hiyo kwa ajili ya watoto wachanga. Joto likadumu, na vifo vikapungua. Tangu hapo kiatamizi kikawa ndicho kipimo cha hospitali ya kisasa. Walakini pamoja nacho ikaja desturi ya kumtenga mtoto na mamaye. Mtoto akawekwa ndani ya kioo, mama akabaki nje ya mlango. Kasha lilikuwa limeigwa kwa kuku, na kuku mwenyewe akasahauliwa.

Aliyemkumbuka alikuwa daktari wa nchi maskini. Mwaka 1978, katika hospitali ya uzazi ya mjini Bogotá, nchini Kolombia, Dakta Edgar Rey Sanabria alikabiliwa na hali ambayo wauguzi wetu wanaifahamu vizuri: watoto wengi, viatamizi vichache, watoto wawili au watatu wakilazwa katika kimoja, na maradhi yakihama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Yeye, na baadaye mwenzake Dakta Héctor Martínez, wakaanza kuwafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyombeba mwanawe mfukoni. Ndiyo sababu mpaka leo utaratibu huo unaitwa malezi ya kangaruu. Ulienea duniani taratibu, na wengi waliupokea kama jambo la shida tu, la kufanywa na wale wasio na mashine.

Hata hivyo ulikuwa na sharti moja. Mtoto alipaswa kwanza kupata nafuu: apumue vizuri, mapigo ya moyo yatulie, ndipo apewe mama. Sharti hilo liliandikwa katika miongozo, nalo lilionekana kuwa la busara. Kasoro yake ni kwamba wengi wa njiti wanaokufa hufa katika siku zile zile za kwanza, wakiwa bado wanangojea nafuu. Kifua kilikuwa kikihifadhiwa kwa ajili ya wale waliokwisha kuvuka mto.

Mwaka 2013 mdogo wangu wa kike alijifungua mimba yake ya kwanza ikiwa na wiki 31. Mtoto alikuwa wa kiume, gramu 1,300. Hospitali yenyewe sina haja ya kuitaja, kwa kuwa ilifuata kanuni zile zile zilizokuwa zikifuatwa karibu kila mahali. Mtoto alifutwa, akafungwa katika kanga, akapelekwa chumba cha joto kilichokuwa ghorofa ya juu. Mama alibaki wodi ya wazazi, chini. Kila baada ya saa tatu alipanda ngazi, mkono mmoja umeshika ukuta na mwingine umeshika kikombe, akavua kandambili mlangoni, akakamua maziwa, akamtazama mwanawe kwa dakika chache, kisha akaambiwa, "Haya mama, inatosha, wapishe na wenzako." Muuguzi alikuwa mmoja kwa watoto zaidi ya ishirini, simlaumu.

Siku ya nne, alfajiri, mdogo wangu alipanda kama kawaida akakuta mtoto mwingine amelazwa mahali pa mwanawe. Alidhani wamemhamisha. Akaanza kuzunguka kitanda hadi kitanda, akisoma majina yaliyoandikwa kwenye plasta miguuni mwa watoto. Muuguzi alipomwona akamwambia, "Mama, njoo ukae kwanza."

Katika siku tatu na kitu alizoishi mtoto yule, mamaye alimshika mara mbili. Aliniambia hesabu hiyo miaka mingi baadaye, tukiwa tunamenya viazi. Hakuwa akilalamika. Alikuwa akihesabu tu.

Sasa turudi kwenye utafiti. Shirika la Afya Duniani liliuandaa katika hospitali 5 za nchi 5, yaani Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Ulianza mwezi wa Novemba 2017, ukawaingiza watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi pungufu kidogo ya kilo 1.8. Kwa njia ya kura watoto waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifuata desturi ya zamani: mtoto chumba cha uangalizi maalumu, mama wodini, na kifua baada ya nafuu. Kundi la pili mtoto alipelekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, hata kama alikuwa bado amewekewa mpira wa hewa puani.

Ili jambo hilo liwezekane, ilibidi kubadilisha chumba chenyewe. Vitanda vya akina mama viliingizwa ndani ya chumba cha uangalizi maalumu, mahali ambapo kwa kawaida mama huingia kama mgeni. Mama aliyetoka kujifungua bado ni mgonjwa: anatoka damu, ana mshono, shinikizo lake la damu lahitaji kupimwa. Kwa hiyo wakunga nao walipaswa kumfuata mama humo humo, wamtibu akiwa na mwanawe kifuani. Kama mama hajiwezi, jamaa aliyemteua mwenyewe alishika nafasi yake kwa muda. Watoto wa kundi hilo walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku. Wenzao wa kundi jingine, walipokuwa katika uangalizi maalumu, walipata kama saa moja na nusu.

Mwezi wa Januari 2020 kamati huru iliyokuwa ikikagua hesabu za utafiti ilishauri usimamishwe kabla idadi ya watoto iliyokusudiwa haijatimia. Tofauti ilikuwa imekwisha kuonekana wazi, na haikuwa haki tena kuendelea kupiga kura wakati inajulikana kura ipi ni bora. Matokeo yalitolewa mwaka 2021 katika jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine. Kati ya watoto waliotangulizwa kifuani, 12 katika kila 100 walifariki kabla ya kutimiza siku 28. Kati ya wale waliongojea nafuu, walifariki karibu 16. Yaani kwa kila watoto 27 waliowahishwa kifuani, alipona mmoja ambaye vinginevyo angekufa. Homa zilizodhaniwa kuwa za sumu katika damu zilipungua, na waliokutwa wamepoa mwili walipungua pia.

Tarakimu hizi nimezisoma mara nyingi, na kila mara nalazimika kujizuia. Katika kundi la kifua walikufa pia watoto 191, pamoja na joto la mama, pamoja na maziwa, pamoja na madaktari bingwa waliokuwa wakiwaangalia. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mtoto wa mdogo wangu angalipona. Wala hakuna daktari mwaminifu atakayekuambia hivyo. Ninaloweza kusema ni kwamba asingalikufa peke yake, na mamaye asingalikuwa na mara mbili tu za kuhesabu.

Huenda msomaji akauliza: katika mji kama Dar es Salaam, ambako watu wazima tunalala bila shuka, mtoto anapataje baridi? Swali hili nililiuliza pia, na jibu lake ni rahisi. Mwili wa mtoto mchanga unapaswa kuwa na joto kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Chumba ambacho sisi tunakiona ni tanuri kina nyuzi 28 au 30. Njiti hana mafuta chini ya ngozi, na ngozi yake ni kubwa mno ikilinganishwa na uzito wake. Joto linamtoka kama linavyotoka katika kikombe kidogo cha chai kuliko katika sufuria. Akipoa hutumia sukari na hewa yote aliyo nayo kujipasha joto, asibakiwe na nguvu ya kupumua wala kunyonya. Kifua cha mama, kwa upande wake, hakina haja ya umeme. Isitoshe, vijidudu vya kwanza vinavyomwingia mtoto vinakuwa ni vile vya mamaye, ambavyo maziwa yake yanajua kupambana navyo, badala ya vile vya hospitali. Na mama aliye naye kifuani huona mapema kuliko mtu yeyote kwamba mtoto amenyamaza kupumua, akamshtua mgongoni kwa kidole.

Mwezi wa Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake: kila njiti na kila mtoto mwenye uzito pungufu aanze kubebwa kifuani mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku, isipokuwa yule asiyeweza kupumua mwenyewe hata baada ya kusaidiwa, au aliye mahututi kabisa.

Mwaka uliofuata, 2023, mdogo wangu alijifungua tena kabla ya siku. Safari hii ilikuwa hospitali nyingine, na mtoto wa kike, gramu 1,450. Yeye mwenyewe alikuwa na kifafa cha mimba, hajitambui vizuri, dripu mkononi. Mkunga akatoka mlangoni akauliza, "Baba wa mtoto yupo?" Shemeji yangu, ambaye ni fundi wa mitambo kiwandani, akasimama upesi akidhani anatakiwa kwenda kununua dawa. Akaambiwa aoge, kisha afungue vifungo vya shati.

"Mimi, sista?"

"Wewe, baba. Mama bado hajiwezi, na mtoto hangoji."

Mama mkwe wa mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye benchi, naye ni mtu wa maneno yake. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Jogoo akiatamia, tetea atafanya nini?" Watu wakacheka. Lakini mtoto alikwisha kufungwa kifuani kwa shemeji yangu kwa kanga, kichwa kimegeuzwa upande ili njia ya hewa isizibwe, miguu imekunjwa kama ya chura, kofia ya sufi kichwani, mpira mwembamba wa maziwa umepita puani. Akakalishwa juu ya kiti cha plastiki kilicholetwa kutoka mapokezi, kwa maana viti vya kuegemea havikuwapo. Alikaa saa sita bila kuthubutu hata kukohoa. Saa ya saba bibi akamwendea mkunga, akauliza kwa upole kama mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi naye ana joto la kutosha. Akaambiwa analo. Kuanzia usiku ule walipokezana, hata siku ya tatu mdogo wangu alipopata fahamu sawasawa na kupewa mwanawe.

Niliporuhusiwa kuingia nilimkuta amelala nusu ameegemea mito, kanga imemzunguka, na juu ya kanga kinaonekana kichwa kisichozidi chungwa. Nilimwuliza habari za hali yake. Alinijibu, "Kaka, nasikia anavyopumua." Hakusema jambo jingine, nami sikuuliza.

Ingefaa niishie hapo, kwa kuwa habari za kupona hupendeza. Lakini ninayo hofu, na gazeti la familia ndipo mahali pa kuisema. Kwa kuwa kifua cha mama hakinunuliwi, yupo atakayesema: basi, tumepata tiba ya bure, mashine za nini? Hayo siyo yaliyosemwa na utafiti. Katika hospitali zile tano makundi yote mawili yalipata hewa ya oksijeni, mashine ya kusukuma hewa puani, dawa za maambukizo, vipimo, na wauguzi waliofunzwa. Kifua kiliongezwa juu ya hayo. Hakikuwekwa badala yake. Huko Uganda, utafiti mwingine uliofanyika katika hospitali 5 za serikali na kutangazwa mwaka 2024, ambao nao uliwaweka kifuani njiti wasiokuwa bado na nafuu, haukuonyesha tofauti ya vifo, ingawa haukuonyesha kwamba watoto walidhurika. Anayetaka kulinganisha hospitali na hospitali aangalie kwanza vitanda, wauguzi, na muda ambao mama anaweza kweli kukaa na mtoto.

Na muda huo ndio ugumu wenyewe. Kusema saa 17 ni jambo jepesi. Mama wa watu atakaaje kifua wazi saa 17 ikiwa kitanda wanalala wawili, choo kiko ng'ambo ya uwanja, nepi azifue mwenyewe, na chakula kiletwe na ndugu anayezuiwa getini mpaka saa za kuona wagonjwa? Nimeona wodi ambamo utaratibu wa kangaruu umechorwa vizuri ukutani, na chini ya mchoro akina mama wamekaa sakafuni. Nani anashika watoto wakubwa waliobaki nyumbani? Nani anafungua genge? Mwaka 2025 sheria za kazi za Tanzania Bara zilirekebishwa ili mama mwajiriwa aliyejifungua njiti aongezewe muda wa likizo ya uzazi, na baba naye aongezewe siku. Ni hatua kubwa, nami naipongeza kwa moyo. Mama lishe, muuza mboga na mshona nguo wa barazani hawana mwajiri wa kuwaandikia likizo hiyo.

Mdogo wangu ni mshonaji. Alikaa hospitalini siku 26. Cherehani yake ilishikwa na jirani wa chumba cha pili, aliyemaliza sare za shule za watu zilizokuwa zimekwisha kulipiwa malipo ya awali. Wenzake wa kikoba walipeana zamu za uji wa asubuhi, na bibi akahamia nyumbani kumwangalia mtoto mkubwa wa shemeji yangu. Shemeji mwenyewe siku zake za ruhusa zilipokwisha aliomba kuhamishiwa zamu ya usiku, ili kila siku kuanzia saa nane mchana ampokee mkewe mtoto, naye mama apate kuoga na kulala. Msimamizi wake alimwuliza mara mbili sababu ya ombi hilo, kisha akatia sahihi.